Nilimpeleka Mama Lushoto Akiwa Ndani ya Eda

Nilimdanganya mama yangu mzazi, na uongo wenyewe nikaufunika kwa jina la dini. Nianzie hapo hapo, ili anayetaka kunitukana asipoteze muda.

Nimeandika na kufuta mara nyingi. Mume wangu aliponiona nahangaika na simu aliniambia niache, yaliyopita yamepita. Kwake yeye labda. Mimi nalala nayo, naamka nayo, napika nayo. Wanaonijua wote wanajua nilichofanya, kwa hiyo leo nataka niwaambie msionijua. Shoga yangu unayesoma, kaa vizuri.

Baba alifariki mwezi wa nne. Alikuwa akiuza misumari, bawaba na vitasa hapa Kariakoo tangu sijazaliwa, na juu ya duka, ghorofa ya tatu, ndipo nyumbani kwetu. Jengo halina lifti. Sisi asili yetu ni Waarabu waliokuja zamani, lakini usidhani ni watu wa majumba ya kifahari. Ni watu wa duka na msala tu.

Alipozikwa, mama akaingia eda. Kwa wasiojua, mwanamke wa Kiislamu akifiwa na mume hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa dharura, halali nje ya nyumba yake, hapaki wanja, hajifukizi udi. Mama alivaa nguo nyeupe, akaingia chumba walicholala na baba miaka arobaini, akaniambia, "Hiki ndicho kitu cha mwisho ninachoweza kumfanyia baba yako. Nataka nikifanye vizuri."

Nilimsikia! Kwa masikio yangu haya mawili nilimsikia.

Siku ya tatu ya matanga, shangazi yangu Zainabu, dada yake baba anayekaa Ilala, akasema mbele ya wanawake wote tuliokaa mkekani, "Eda ni ndefu. Mtu mmoja hawezi kukaa na mjane siku zote hizo. Tupokezane. Wiki yangu, wiki yako."

Ndugu yangu, laiti ningesema sawa. Neno moja tu, sawa!

Lakini mimi na shangazi hatujawahi kuiva chungu kimoja. Nikaona ananionyesha mbele za watu kuwa siwezi kumtunza mama yangu. Kaka zangu wako Mwanza na wake zao, mtoto wa kike ni mimi peke yangu. Kiburi kikanipanda. Nikasema kwa sauti, "Mama anaye mimi. Nitakaa naye mwanzo hadi mwisho, na asihangaike mtu!"

Wanawake wakaniombea dua. Mmoja akanishika kichwa akasema kila mama angepata binti kama mimi. Nikavimba. Shangazi akachukua buibui lake.

Basi nikahamia Kariakoo. Watoto wangu wawili nikawaacha Tabata na baba yao, Nassor, wakawa wanakuja mwisho wa juma.

Wiki ya kwanza nilikuwa malaika. Wiki ya tatu nikaanza kuhesabu ngazi. Unaijua Kariakoo wewe? Kuanzia asubuhi spika za wauza nguo zinapiga kelele chini ya dirisha, bei ile ile, maneno yale yale, mpaka unaota bei. Maji yakikatika ni ndoo mpaka ghorofa ya tatu. Wageni wa pole hawaishi, na kila mgeni ni chai, na kila chai ni vikombe, na kila mgeni anataka asimuliwe baba alivyofariki. Mama anasimulia upya. Mimi naosha vikombe upya.

Siwezi kusema mama alinisumbua. Hakunisumbua hata kidogo. Alikuwa anakaa kimya, anasali, anaangalia kalenda ukutani na kuweka alama siku ikiisha. Mimi ndiye niliyeanza kuiona ile nyumba jela. Eda ilikuwa yake, lakini aliyekuwa anagonga kuta alikuwa mimi!

Shangazi alikuwa akija na kuniuliza taratibu, "Hujachoka?" Mimi nami, mdomo mrefu, "Nichoke na mama yangu mzazi?" Ningekufa kuliko kumwambia nimechoka.

Sasa ikaja likizo ya shule. Nassor alikuwa amewaahidi watoto tangu mwaka jana kuwapeleka Lushoto kwenye kipupwe, wakaone baridi ya kutoa moshi mdomoni. Watoto wa Dar hao, baridi wanaijua ya friji. Akaniambia, "Twende siku tatu nne, shangazi akae na mama. Hata dini haikatazi."

Nikamwambia Nassor kwamba kumwita shangazi haiwezekani. Hakunielewa. Sikumwambia kwamba nikimwita shangazi nitakuwa nimekula maneno yangu mbele ya mkeka mzima.

Lakini Lushoto nilitaka kwenda, jamani. Nilitaka mno! Nilitaka kuamka mahali ambapo hakuna spika. Usiku huo nikapata wazo ambalo shetani mwenyewe angelipigia makofi. Kama siwezi kumwacha mama, nitakwenda naye.

Asubuhi nikamwambia, "Mama, jengo limejaa kunguni. Wapangaji wamekubaliana lipigwe dawa kali, kila mtu atoke siku nne. Hata Mama Glory wa chini analalamika atafunga duka."

Mama Glory ni Mchaga, mwenzetu wa miaka mingi, anauza mabeseni na ndoo kwa jumla pembeni ya duka la baba. Mama anamwamini sana, ndiyo maana nikalitumia jina lake.

Mama akashtuka. "Mimi nitoke? Na eda yangu?"

"Ni dharura, mama. Dawa ile ni sumu."

"Maalim anasemaje?"

Hapo ndipo penyewe. Hapo ningeweza kurudi nyuma, ningesema ngoja nikamuulize, yakaisha. Nikamtazama mama machoni, nikasema, "Nimemuuliza. Amesema kwa dharura kama hiyo inaruhusiwa."

Maalim sikuwa nimemuona wiki mbili!

Mama akafikiri. "Basi niende kwa Zainabu Ilala, si mbali."

"Kwa shangazi pamejaa wageni wa harusi ya upande wa mumewe. Wanaume watupu sebuleni. Nassor amepata mahali patulivu, Lushoto, utakaa chumbani kwako hakuna wa kukuona."

Uongo mmoja ukizaa, hauzai pacha, unazaa ukoo. Shangazi nikampigia simu nikamwambia mama ana homa kidogo, anataka kupumzika, asije mtu mpaka Jumapili. Nassor nikamwambia mama amekubali mwenyewe na maalim ameridhia. Simu ndogo ya mama nikaizima nikaitia kwenye mkoba wangu, nikamwambia kule milimani mtandao hakuna.

Tuliondoka Jumatano alfajiri, kabla maduka hayajafunguliwa, maana nilimwogopa Mama Glory na macho yake. Mama alishuka zile ngazi akishika ukuta. Alikuwa hajazishuka tangu jeneza lipite. Kila kituo cha ngazi anasimama, anasema, "Bismillahi." Akanigeukia akaniuliza, "Una hakika, mwanangu?"

"Nina hakika, mama."

Njiani alijifunika khanga mpaka machoni, hakutazama dirishani. Chalinze tulipokula yeye alibaki garini. Mombo joto lilikuwa kali, kisha tukaingia barabara ya kupanda, ile nyembamba, upande huu jabali, upande huu bonde. Watoto wanapiga kelele kila kona. Baridi ikaanza kuingia, Nassor akafunga vioo. Mama akavaa koti la baba juu ya nguo zake nyeupe. Sikujua kama amelibeba.

Nikajisemea, ona, mama naye anapata hewa. Nimemfanyia wema! Mwenye kosa hakosi wakili, na wakili wangu nilikuwa mimi mwenyewe.

Hoteli ilikuwa nzuri. Mama akaingia chumbani, akavuta pazia, akauliza kibla, akakaa. Siku tatu hakutoka. Chumba chenyewe kidogo, kitanda, kiti na choo, na baridi inapenya chini ya mlango. Kijana wa hoteli akigonga kuleta chai, mama anakimbilia chooni anajifungia mpaka aondoke. Kwake Kariakoo alikuwa na jiko lake, dirisha lake, kalenda yake, wageni wake. Mimi nilimtoa kwenye nyumba nikamtia kwenye sanduku.

Na mimi? Mimi nilikwenda kutembea! Tulipanda mpaka kule juu unakoiona nchi yote chini, tukala karoti mbichi zilizooshwa kwenye kijito, watoto wakatoa moshi mdomoni mpaka wakachoka. Nilipiga picha. Nilicheka. Nikirudi chumbani namkuta mama amekaa palepale juu ya msala, koti la baba mabegani.

Jioni ya pili alifungua pazia kidogo, upana wa vidole viwili, akatazama ukungu unavyoshuka kwenye miti. Akasema, "Baba yako alikuwa anapenda baridi. Tulipooana alitaka kunileta huku. Duka halikumpa nafasi." Kisha akalifunga. "Mungu anisamehe, nimetazama."

Niliumia. Nakuapia niliumia. Lakini nikamtakia usiku mwema, nikatoka.

Ijumaa mchana simu yangu ikaita, shangazi. Sikupokea. Ikaita tena na tena. Nikaiweka kimya, nikaenda kula.

Jumamosi asubuhi tukaanza kurudi. Hatujafika hata Soni tukakuta foleni. Fuso lililojaa kabichi lilikuwa limeshindwa kona, limekaa katikati ya barabara kama ng'ombe aliyegoma. Mbele huwezi, nyuma magari yameshajipanga, kugeuza hakuna nafasi. Watu wameshuka, wanaokota kabichi, wanapiga picha. Saa ya kwanza ikapita. Saa ya pili.

Wanaume wanapita pembeni ya gari letu wanachungulia. Mama kajikunja kiti cha nyuma, kajifunika. Mara akaniita kwa sauti ndogo, "Mwanangu, nataka kujisaidia."

Mungu wangu! Mama yangu, mjane, mtu wa miaka sitini na kitu, katikati ya mlima, wanaume kila upande, na aibu yote ile nimeileta mimi.

Juu kidogo ya barabara niliona nyumba yenye moshi jikoni. Nikamshika mama mkono, tukapita katikati ya watu. Viatu vyake vya ndani vinateleza kwenye udongo. Wanawake wengine walishuka magari ya upande wa pili, yaliyokuwa yanapanda. Na mmoja wao akapiga yowe la furaha.

"Jamaniii! Si mama wa Kariakoo huyu? Shikamoo mama!"

Mama Glory. Na sweta jekundu, na wanawe, wameondoka Dar usiku, wanakwenda Moshi kwa wazazi wamepitia Lushoto kutembea. Katika barabara zote za nchi hii!

Mama akasimama. "Marahaba, mwanangu. Na nyie mmekimbia dawa?"

"Dawa gani, mama?"

Nilimkonyeza Mama Glory. Nilimkonyeza mpaka jicho likauma. Lakini yeye alikuwa anamtazama mama.

"Dawa ya kunguni. Si jengo limefungwa?"

"Hapana bwana! Nani kakuambia? Mimi jana nimefunga duka saa kumi na mbili jioni, watu wote wapo. Tena nikuambie, wifi yako Zainabu kaja jana na hotpoti la supu, anasema una homa. Kagonga mlango weee, kimya! Kalia pale ngazini mpaka akatutia hofu. Tukataka kuvunja mlango. Kumbe umetoka kupunga upepo! Afadhali, mama angu, kukaa ndani tu kunaua."

Alisema kwa nia safi kabisa, maskini. Eda haijui. Alifurahi kweli kumuona mama nje.

Mama hakunitazama. Akasema, "Ahsante, Mama Glory. Safari njema." Akaniambia, "Twende, nimebanwa."

Nilitaka barabara inimeze! Mwenye nyumba, mama mmoja wa Kisambaa, alitukaribisha bila kuuliza lolote, akamwongoza mama chooni, akampa maji ya moto kidogo kwa sababu ya baridi. Mimi nikabaki uani na kuku. Mama alipotoka alimshukuru yule mama, akamwombea dua. Mimi alinipita.

Tukarudi garini. Watoto walikuwa nje wanatazama kabichi. Nassor kashika usukani wa gari lililozimwa. Mama akakaa nyuma, nami nikakaa pembeni yake, maana mlango wa mbele ulikuwa umebanwa na jabali. Akauliza, "Maalim ulimuuliza?"

"Mama, tukifika nyumbani nita..."

"Nimeuliza neno moja."

"Sikumuuliza."

Nassor akageuka. "Hukumuuliza? Si uliniambia..." Akaishia hapo. Akatazama mbele tena.

"Na Zainabu hana wageni," mama akasema.

"Hana, mama."

"Ulichoka?"

Nikaanza kulia. "Nilichoka, mama."

"Ungesema." Hakupandisha sauti. Afadhali angepiga kelele! "Ungesema, ningemuita Zainabu, ungekwenda na wanao ukatembea, ukarudi, ukanikuta nimekaa palepale. Nani angekulaumu? Mimi nimekaa chumba kile siku tatu najipa moyo kwamba nimetoka kwa dharura. Kumbe nimetoka matembezi. Mume wangu hajamaliza miezi mitatu kaburini, nami niko Lushoto natembea."

"Dhambi ni yangu, mama."

"Dhambi ni yako, najua. Siku ni zangu. Siku za mume wangu nilikuwa nazo hizo tu, na huko nyuma hakuna pa kwenda kuzichukua."

Kisha akajifunika khanga usoni. Na fuso bado limekaa! Unajua maana ya kukaa ndani ya gari dogo, goti lako limegusana na goti la mtu uliyemdhulumu, na huwezi kwenda mbele, huwezi kurudi nyuma, huwezi hata kushuka kwa sababu nje wapo watu? Tulikaa hivyo saa mbili nyingine. Mtoto wangu mdogo akaja na kabichi, akampa bibi yake dirishani. Mama akaipokea, akamwambia ahsante, akaipakata. Ilikaa mapajani mwake mpaka Korogwe.

Kariakoo tulifika jioni. Shangazi alikuwa mlangoni na fundi wa vitasa, wanajadili kuvunja kitasa. Alipomwona mama akaanza kulia kwa furaha, akidhani alikuwa hospitali. Mama akamwambia, "Sikuwa na homa, Zainabu. Ingia ndani. Kuanzia leo utakaa na mimi wewe, kama utaweza."

Shangazi akanitazama. Nilisubiri anisimange, kwa kweli nilitamani anisimange. Akasema tu, "Nitaweza, wifi." Begi langu mama alilifungasha mwenyewe, kila nguo kaikunja vizuri.

Maalim aliitwa kesho yake, akazungumza na mama kutoka nyuma ya pazia. Akasema aliyedanganywa hana dhambi, siku zake zinaendelea, haongezi hata moja. Aliyedanganya ndiye wa kutubu. Shangazi ananiambia mama alilia siku hiyo, kilio ambacho hata siku ya mazishi hakukilia. Mimi sikuwepo. Nilikuwa Tabata, nimelala chali, natazama dari.

Habari Kariakoo haihitaji spika. Wale wanawake wa mkekani, walioniombea dua, wakanipa jina, Bi Lushoto. "Bi Lushoto, huko juu kabichi bei gani?" Wananicheka sokoni. Nawaachia, ni haki yao. Nassor naye aliniuliza swali moja tu, ni mangapi mengine niliyowahi kumwambia. Mpaka leo sijui kama aliamini jibu.

Siku ya mama kutoka eda niliruhusiwa kuja. Nilikuwa nimejiwazia siku nyingi kwamba nitammwagia maji mimi, nitamvisha nguo mpya mimi, nitamfukiza udi mimi. Alimwagiwa maji na shangazi. Mimi nilikuwa jikoni nasugua masufuria ya pilau, nasikia vigelegele ukutani.

Jioni nikaenda nikapiga magoti mbele yake. Nikamwomba radhi. Akaniwekea mkono kichwani, akasema, "Nimekusamehe, mwanangu. Toka moyoni."

Nikarudi nyumbani nikidhani yamekwisha. Nililala usingizi mzuri kabisa. Mjinga mimi!

Mwezi uliofuata tumbo likanishika. Nikadhani vidonda, kumbe kidole tumbo, daktari akasema napasuliwa leo leo. Niko kitandani, naogopa. Mtu mzima na watoto wangu, lakini nilimtaka mama. Nikampigia.

"Mama, niko hospitali. Wanataka kunipasua."

Kimya.

"Mama? Unanisikia? Naumwa, mama."

"Nassor yuko hapo?"

"Yuko."

"Mpe simu."

Nikampa. Nassor akamwambia maneno yale yale niliyosema mimi, hakuongeza hata moja. Nikamsikia mama kule upande wa pili akipiga ukelele, "Mwanangu! Mwanangu mimi!" Akashuka zile ngazi za ghorofa tatu na shangazi, akafika kabla sijaingizwa chumba cha upasuaji, kavaa kandambili za kuogea. Akanishika uso wangu kwa mikono miwili. Nilipozinduka alikuwa yupo. Uji nilinyweshwa na yeye.

Umenielewa, shoga yangu? Mama yangu ananipenda. Amenisamehe kweli, hakunidanganya. Ila nikimwambia naumwa, anataka mtu mwingine amwambie. Na hana ubaya wowote, hata hajui kama anafanya hivyo. Nikimwambia mchele umepanda bei anamuuliza Mama Glory. Nikimwambia nitakuja Ijumaa anajibu "inshallah", kisha anampigia Nassor. Na mimi nitamwambia nini? Niape? Kwa jina gani, na lile nilishalitumia?

Nyie mnaolea wazazi, sikilizeni. Wengi wenu mnanisoma mkiwa mmechoka kama nilivyochoka, na mmejifungia kwa mdomo wenu wenyewe mbele za watu. Fungueni! Mwite huyo shangazi usiyempenda. Kula maneno yako hadharani, ni machungu lakini hayaui. Usithubutu kumpa mama yako uongo kwa kuona ni mdogo, kwa kuona ni wa siku tatu tu. Atakusamehe siku hiyo hiyo, maana ni mama. Kukuamini si jambo analoliamua yeye, na usidhani machozi yako yatamrudishia imani hiyo.

Mimi nina mama, yuko hai, yuko Kariakoo ghorofa ya tatu, na nikitaka kumwambia jambo lolote la kweli, namtafuta mtu wa kumwambia badala yangu.